Nyuzi za Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Radi alikuja leo. Ni mwimbaji wa bendi ya Baba. Namwita mjomba tangu utotoni ingawa hatuna undugu wa damu. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuposa. Akazungumzia mvua. Akazungumzia bei ya viatu. Mwishowe akasema: Jumamosi ya tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi, mazoezi. "Kiti chako kipo, Besi. Hajakikalia mtu." Besi ni Baba; gitaa la besi ndilo analopiga.

Baba akacheka, akasema basi mkifute vumbi.

Alipoondoka, Baba alitoa gitaa kwenye mkoba. Mara ya kwanza tangu Desemba! Nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikafunga bomba ili nisikie. Alianza ule wimbo unaomtambulisha kwa watu. Uzi mnene, chumba cha tatu, yaani nafasi ya tatu kati ya vyuma vya shingo — haikutoka noti. Ilitoka sauti ya mtu anayepiga godoro ngumi. Akarudia. Mara nne. Kisha akasema amplifaya imekufa.

Amplifaya ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme.

Mama akajibu, "Mashine za siku hizi, Mzee, hazidumu." Humu ndani tunaliita "lile jambo la Desemba". Neno kiharusi amelitamka daktari peke yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma kuhusu nyuzi mapumziko yote mawili shuleni. Nadhani naelewa sasa.

Zamani bendi yao ilituni, yaani ilikaza nyuzi zifikie noti zake, kama bendi zote. Radi alipoanza kuzeeka na sauti yake kushuka, wakashusha magitaa yote toni moja. Uzi mnene wa besi ukatoka noti ya E ukawa D. Lakini uzi ukiushusha bila kuubadilisha, unalegea. Kwa hiyo Baba akahamia nyuzi nene zaidi: 110, 90, 70, 50. Namba hizo ni unene wenyewe, kwa sehemu za elfu za inchi. Nene hukaa imara hata zikishushwa. Alikuwa akijisifu: "Nyuzi zangu hazibonyezwi na mtoto wa mama."

Na sasa mkono wa kushoto ndio ule. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vinafika kwenye uzi, halafu vinaishia hapo. Vinaugusa tu.

Dawa ni nyuzi nyembamba. Ndiyo! Ila nyembamba zikishushwa hadi D zitalegea, zitagonga vyuma vya shingo na kukoroma. Nikiziacha kwenye E zitakaa vizuri, lakini nyimbo zote za Baba itabidi zirudi vyumba viwili nyuma. Vidole vyake vinajua njia moja tu, na hata hiyo sasa vinaipapasa.

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu wa fizikia ameniazima mizani ya springi, nipime nguvu inayobonyeza uzi. Aliniuliza ya nini. Nikasema ni utafiti binafsi, nikaona haya hadi masikio yakawaka. Akasema haya, mtafiti, uirudishe nzima.

Hesabu: unene ukipungua, uzito wa uzi unapungua kwa mraba wake, na mvuto unaoukaza vilevile. Kutoka 50 hadi 40, mvuto unapungua kwa zaidi ya theluthi. Kutoka 110 hadi 100, ni moja ya sita tu. Moja ya sita! Nimekaa na namba hiyo jioni nzima. Mkono wa mtu unaweza kurudi kwa moja ya sita?

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa magitaa, chumba kile nyuma ya duka la vitambaa. Nilisimama mlangoni mpaka akasema, "Binti, kama umekuja kuulinda mlango, mshahara sina."

Nikampa karatasi yangu ya hesabu za nyuzi. Aliisoma akiwa amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Akauliza nyuzi hizo ni za nani. Nikasema ni za gitaa. Akasema, "Gitaa halina vidole, mwanangu."

Akaliangalia gitaa la Baba nililobeba. Alilijua. Yeye ndiye aliyelichonga mifereji mipana zaidi zile nyuzi nene zilipowekwa. Akaacha kutania.

Akaanza kunieleza polepole. 95 usiiguse, kwenye D italegea kama kamba ya kuanikia nguo. 105 itasikika vizuri lakini mkono hautaona tofauti. Tukafika 100, 80, 60, 40. Zitacheza kidogo. Ukizishusha karibu na shingo, zinakoroma. Ukizipandisha, mkono unachoka. "Hapo katikati pana nafasi ya kupita sisimizi. Upatafute mwenyewe, kwa subira."

Nilipokuwa natoka akaniuliza kama Baba anajua. Nikasema bado. Akasema mtu haletewi fimbo ya kutembelea kabla hajakubali kwamba anachechemea.

Nimeliandika hilo ili nilifikirie. Sijalifikiria.

Jumanne, 11 Machi

Baba alikwenda kliniki na Mama, kwa mazoezi ya viungo. Nilipotoka shule, nikabadilisha nyuzi.

Imenichukua muda wa saa mbili na nusu. Nilizitoa moja moja ili shingo isishtuke. Nikafunga mpya za fundi, nikakaza, nikavuta, zikashuka, nikakaza tena. Nyuzi mpya haziaminiki siku za mwanzo, zinashuka zenyewe. Kisha bisibisi, kuziinua nyuzi: robo mzunguko juu, zinakoroma bado. Robo nyingine. Kisha nusu ya robo. Hapo! Sisimizi akapita.

Nikajaribu kama Baba. Nikauacha mkono wangu ulegee kabisa, nikabonyeza kwa kidole cha pete na cha mwisho tu, bila kukaza kiganja. Nikapiga ule wimbo wake, taratibu, tangu mwanzo. Ninaujua. Nimelala nikiusikia ukutani miaka yote kumi na sita. Kila noti ilitoka.

Nililia kidogo. Basi.

Halafu sauti dirishani: "Kumbe!" Alikuwa Radi, amemletea Baba machungwa. Alikuwa amesikiliza wimbo wote. Akasema mbona nilikuwa nimejificha kama mwizi, damu haipotei, na mengine ya namna hiyo. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwambia hapana, mjomba, nilikuwa napima tu. Akacheka. "Pima, pima. Jumamosi uje na baba yako. Ikibidi."

Ikibidi.

Alhamisi, 13 Machi

Radi amempigia Baba simu. Nilisikia upande mmoja tu. Baba alisema ndiyo. Akasema kweli? Akasema, "Hakuniambia." Akasema ahsante, ndugu yangu, na hiyo ahsante ilichukua muda mrefu kutoka.

Wakati wa kula hakuniangalia. Hakununa. Aliniuliza habari za mitihani, kwa adabu, kama anavyoongea na wageni.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nimetoka shule nikamkuta sebuleni, gitaa mapajani. Hakuwa analipiga. Alikuwa akipitisha kidole gumba cha kulia juu ya nyuzi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu mbavu za ng'ombe aliyekonda.

"Mia?" akauliza.

"Ndiyo, Baba. Mia, themanini, sitini, arobaini."

"Umechagua vizuri. Mkono mwembamba, uzi mwembamba." Akatikisa kichwa. "Ungeniomba tu, Profesa. Nisingekunyima."

Hapo ndipo nilipoelewa anachofikiria. Kwamba nyuzi hizi nimezifunga kwa ajili yangu. Kwamba nimemrithi akiwa hai, yuko kliniki anafinya mpira wa raba!

Nikafungua mdomo. Ningesema nini? Si zangu, Baba, ni zako, kwa sababu zile nene huziwezi tena. Nani atasema hivyo humu ndani? Mama hajasema. Radi hajasema. Yeye mwenyewe kasema amplifaya. Niseme mimi, mtoto, na karatasi ya hesabu mkononi? Nikisema, nimemwambia mkono wako umekwisha. Nikinyamaza, nimemwambia si mkono tu, ni wewe mwenyewe uliyekwisha.

Nikaweka begi la shule chini.

Akaufungua mkanda wa gitaa. Akaanza kuufupisha unitoshe. Kwa mkono mmoja, na meno. Nikasema niache nikusaidie, Baba. Akasema kaa, nimezoea. Ilichukua muda mrefu sana. Nilikaa nikimwangalia akiuma ule mkanda. Kisha akanivalisha, akarudi nyuma hatua mbili, akasema umekaa sawasawa. Kesho atanisindikiza. Atakaa nyuma kabisa, asinitie haya.

Mama amenifuata chumbani. Nimemweleza yote. Ameketi kitandani, ameikunja karatasi yangu mara nne, ameikunjua. Akasema, "Ungemwambia." Nikamwambia, "Wewe je, Mama?" Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tatu na dakika ishirini. Nimevaa. Sijawahi kupiga mbele ya watu. Darasani hata kunyoosha mkono siwezi. Nimeamka na uamuzi kwamba nitamwambia njiani, tukiwa wawili, nikiangalia mbele. Nimeyapanga maneno. Kila nikiyapanga yanakuwa ya daktari.

Saa tatu na nusu. Baba ameshavaa viatu. Ameniita mara moja. Nimesema nakuja.

Ameniita tena. Anasema gitaa limeshuka, hizi nyuzi mpya ndivyo zilivyo, atalituni yeye ili nisiaibike mbele ya wazee. Nasikia anavuta kiti.

Lakini yeye hutuni kwa sikio! Na huwezi kutuni kwa sikio bila kubonyeza. Unabonyeza uzi mnene chumba cha tano, unaulinganisha na wa pili ukiwa wazi, bila kubonyezwa. Lazima mkono wa kushoto.

Naandika ili nisitoke.

Uzi wa pili, wazi. Umeshuka kweli. Anaukaza.

Sasa mnene —

Umetoka. Chumba cha tano, noti nzima, mviringo, inaning'inia mpaka mwisho wake. Fagio la Mama limesimama.

Ameupiga tena, uleule. Tena. Si kutuni tena sasa, uzi wa pili umeshakaa sawa, nasikia. Ameshuka chumba cha tatu. Unakoroma kidogo. Anabonyeza upya. Umetoka.

Saa tatu na dakika arobaini na tano. Mguu wangu uko mlangoni. Nikitoka ataacha. Nisipotoka tutachelewa, na Radi atampa mtu mwingine kile kiti.

Hajaniita tena.