Tezi Nne za Shingoni

Kaka Deo,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nitaanzaje kukuandikia bila kukuamkia?

Matanga yamekwisha, wageni wa Mahenge wamerudi kwao. Mpunga wako umeanza kuchanua na ndege wanaushambulia, sina nguvu ya kwenda kuwafukuza. Hapa Kibaoni watu wanasema lile figo nililokupa kule India limekukataa, eti figo la mwanamke halikai kwa mwanaume. Nimechoka kuwaeleza.

Kilichokuondoa ni zile tezi nne za shingoni, ndogo kama punje za mpunga. Daktari wa Dar alitueleza vizuri. Miaka ile uliyougua figo, tezi zilizoea kufanya kazi kupita kiasi, na ulipopata figo zima hazikuacha. Zikawa zinanyang'anya kalsiamu kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu. Ndiyo maana nyonga zilikuuma, mpaka ukavunjika mkono kwa kufungua dirisha tu. Na Mama Masanja, jirani yetu Msukuma, kwa huruma akawa anakuletea maziwa kila siku ili mifupa ikaze! Daktari akayapiga marufuku, maana damu ilishajaa kalsiamu. Wewe ukaona haya kumwambia, ukawa unayapokea kwa mikono miwili na kumpa paka. Paka alinenepa, Kaka.

Walipokupasua shingo wakatoa tezi tatu na nusu, nilifurahi. Uliamka ukaomba uji. Kesho yake midomo ikafa ganzi, vidole vikaanza kukakamaa. Daktari akasema sasa mifupa ina njaa, inavuta kalsiamu yote, damu inabaki tupu. Wakakuwekea dripu, wakakupa vidonge, na yale maziwa waliyokukataza wakaniambia nikatafute. Ukaniambia, "Fausta, mdogo wangu, fanya kitu." Nikamfuata daktari, nikamwambia nipimeni, toeni chochote mnachotaka. Akanijibu kwa upole kwamba safari hii sina cha kutoa.

Sijawahi kujiona sina maana namna ile. Nilikaa nikikukanda vidole, navyo vinajikunja tena. Nakanda, vinajikunja. Kisha moyo wako ukasimama, huku dripu bado inaingia.

Nesi alipokuja kukutoa mpira wa mkojo, mfuko ulikuwa umejaa. Figo halikuwa na kosa lolote. Wewe ulikuwa umeshaondoka, lenyewe lilikuwa limefanya kazi yake yote. Sijui nishukuru au nikasirike.

Pumzika, Kaka. Sikuweza kukuokoa. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo. Hili figo moja lililobaki kwangu nitalitunza. Tangu tukuzike, Mama ananiuliza kila asubuhi kama nimekojoa, tena mbele ya watu, bila haya. Mwanzoni nilikuwa nanuna. Sasa nitamjibu vizuri, kila anapouliza. Hana mtoto mwingine wa kumuuliza.

Mdogo wako,
Fausta