Funza wa Daktari

Runazi, Alhamisi jioni

Mvua imenyesha alasiri nzima, sasa imekata. Nimekaa mlangoni kwangu, daftari gotini, na moyo umetulia kuliko ninavyostahili.

Niseme ukweli. Leo nimeumbuka mbele ya kijiji kizima.

Hapa wananiita Daktari, ingawa mimi ni mganga msaidizi tu wa zahanati. Kila Alhamisi, watu wakitoka shamba la ujamaa, natoa somo la afya kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Leo ilikuwa zamu ya funza: kuosha miguu kila jioni, kunyunyizia maji sakafu ya vumbi kabla ya kufagia, kutolala chumba kimoja na mbuzi, kuvaa viatu. Kwenye viatu waliguna. Tangu vita vianze, duka la kijiji halina viatu wala sabuni. Hata mimi navaa katambuga za tairi kuukuu.

Wasichojua ni kwamba wiki ya pili sasa kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto kinawasha. Nilijua ni nini. Mwalimu wa funza awe na funza? Nikawa nachechemea na kunyamaza.

Bibi Anastazia, ambaye huketi mbele na kusikiliza kuliko wote, akainua mkono.

"Daktari, mbona unasugua mguu kwenye nguzo?"

"Ni mwiba tu, bibi."

"Mwiba hauwashi, mjukuu wangu. Vua tuone."

Nikavua. Walikuwa watatu, wamenenepa kama mbaazi.

Kikazuka kicheko, kile cha watu kushikana mabega. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi akachomoa pini kwenye kanga yake. Nikamzuia: "Subiri, tuichemshe kwanza." Basi somo likaanza upya, mguu wangu ukiwa ubao. Pini ikachemshwa. Mguu ukaoshwa kwa kipande cha sabuni nilichokuwa nakibania zahanati. Bibi akachokonoa taratibu pembeni, asipasue kifuko, akawatoa mmoja mmoja. Nikapaka ayodini, meno nimeyauma. Nikawaambia pini hiyo isiguse mguu wa mtu mwingine kabla ya kuchemshwa tena.

Ndipo Mama Devota, ambaye hajawahi kukanyaga zahanati, akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Daktari, binti yangu hajaenda shule wiki ya tatu. Hawezi kukanyaga. Niliona haya kumleta. Nilidhani utasema sisi ni wachafu."

"Na mimi je, mama?" Nikamwonyesha kidole.

Akacheka, akaenda kumleta mgongoni. Mtoto alilia kidogo tu, kwa sababu Bibi Anastazia alikuwa akimsimulia jinsi Daktari alivyokunja uso. Nyuma yake wengine walikuwa wameshajipanga, miguu imeoshwa.

Nimelitoa somo hili mara nyingi, nikirudi nyumbani nikilalamika kwamba watu hawa hawasikii.

Walikuwa wanasikia. Walikuwa wanaona aibu, kama mimi.

Sasa kidole kinapwita, lakini hakiwashi. Nimenyunyizia maji sakafu yangu, nimefagia mpaka uvunguni mwa kitanda. Jumamosi nitapita nyumba kwa nyumba, na Bibi Anastazia amekubali tuongozane.

Devota anasema kesho atajaribu kwenda shule. Nitasimama kando ya barabara nimwone akipita.