Vidole Viwili Begani

Jumapili, tarehe 9 Juni. Asubuhi ya mawingu mazito, upepo hakuna, kamba ya nguo uani bado inadondosha umande.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Najua watu huandika hivyo bila hata kufikiri, lakini mimi leo nauliza kwa kutaka jibu: u mzima, Baba? Goti linasemaje? Simu yako haipokewi tangu katikati ya mwezi uliopita, na kadi ya mwaliko hukuijibu. Mama anasema umenuna tu, na kwamba ukinuna wewe hata saa ya ukutani husimama. Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu ameolewa jana salama, Mama amecheza mpaka kiatu kikakatika kisigino, na mimi sijapata usingizi tangu hapo.

Harusi ilifanyika kwenye bustani ya mjomba, kama ulivyosikia. Sijasahau uliapa hukanyagi kwake hata kwa kubebwa. Mapambo yalikuwa mazuri, ila kwa mpiga picha mahali pale ni mtihani. Ukigeuka huku kuna tangi la maji, ukigeuka kule kuna magari, na nyuma ya viti kuna ule uzio wa mabati. Ndiyo maana wiki nzima kilichonisumbua kilikuwa lenzi. Nilikuwa nayo yangu, ile fupi ya milimita hamsini, na nilikuwa na yako ndefu ya mia na thelathini na tano, uliyoiacha kabatini imefungwa kwenye fulana yako.

Alhamisi nilikwenda bustanini peke yangu, saa kumi jioni, ili nipate jua lilelile la siku ya harusi. Niliweka stuli mahali atakaposimama bibi harusi, nikatandika khanga ya Mama juu yake nione rangi. Lenzi yangu ilileta kila kitu, tangi, mabati na yote. Yako iliyeyusha uzio ukawa kama maziwa yaliyomwagika kwenye majani, na khanga ikabaki peke yake, kila uzi unaonekana. Kasoro yake ni umbali. Ilinirudisha nyuma hadi mlango wa jiko, mahali ambapo huwezi kumrekebisha mtu kwa mkono. Nilikukumbuka. Wewe hukuwahi kubonyeza kabla ya kumwendea bibi harusi na kumshusha bega la kushoto kwa vidole viwili, ukisema mabega yakipanda anaonekana kama amebeba ndoo.

Sasa sikiliza. Kamera yangu si kama ile yako ya zamani. Hii hutafuta sura za watu yenyewe, na ikiona sura huchora kisanduku kidogo kwenye kioo. Mtu yeyote humchorea cheupe. Sura niliyoifundisha mapema huichorea cha zambarau, ili isinipotee katikati ya umati. Nilikuwa nimeifundisha sura ya mdogo wangu na ya Mama.

Alhamisi ile bustani ilikuwa tupu, lakini nilipofunga lenzi yako kwenye kamera, kisanduku kiliwaka. Hakikuwaka juu ya stuli. Kiliwaka hewani, upande wa kushoto, kwa kimo cha mwanamume aliyesimama. Kilikuwa cha zambarau. Nilijiambia mashine imeona sura kwenye vivuli vya majani, mambo hayo hutokea. Nikaweka lenzi yangu, hakuna kitu. Nikarudisha yako, kikawaka tena, na safari hii kilikuwa kimesogea karibu zaidi na stuli.

Nikaamua nitatumia hamsini, basi. Na jana nilianza nayo, nikilikwepa tangi la mjomba kama adui. Lakini ilipofika picha ya familia, mdogo wangu aligoma. Alisema kama Baba hataki kumwona kwa macho yake, basi lenzi yake imwone. Aliyasema akicheka, lakini wanja ulikuwa umeanza kuchuruzika. Nikabadilisha lenzi.

Mama alisimama kulia, na bwana harusi karibu naye. Kushoto kwa bibi harusi palibaki wazi. Mjomba akaja kupaziba kwa tumbo lake, mdogo wangu akamwambia aondoke, hapo pana mwenyewe. Mjomba akasogea kando akinipigia kelele kule mlango wa jiko, akauliza nampiga mpwa wake picha au namwinda. Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana kisanduku kilikuwa kimeshawaka pale palipo wazi. Nilibonyeza mara tatu.

Baadaye mdogo wangu alinijia juu. Aliuliza vidole vyangu nilivitoa kwenye friji au vipi, mbona nimemgusa bega na baridi kiasi kile, na nimewezaje kwenda na kurudi upesi hivyo na viatu vile. Nilimjibu kwamba sikuondoka mlangoni. Akaniambia niache utani.

Alfajiri nimezifungua zile picha. Katika ya kwanza, mabega ya mdogo wangu yamepanda. Katika ya pili bega la kushoto limeshuka, na juu yake shela imebonyea mahali pawili, kama unga uliokandwa. Mkono haupo. Katika ya tatu amegeuza shingo kushoto, anatabasamu kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.

Kuna jambo sijakuambia, Baba. Sura nilizoifundisha kamera hazikuwa mbili, zilikuwa tatu. Ya tatu niliichukua kwenye ile picha yako ya sebuleni. Nilidhani utabadili mawazo dakika ya mwisho, na sikutaka uingie getini nikukose.

Kwa hiyo nauliza: jana saa kumi na robo ulikuwa wapi? Kama ulikuwa umenyoosha mguu kitandani unamsema mjomba, niandikie hivyo, mstari mmoja tu, nami nitaitupia lawama mashine na kujicheka mwaka mzima. Mama anaomba kuiona picha ya familia. Nimemwambia bado naisafisha. Usiponijibu nitakuja mwenyewe, na hilo ndilo ninaloliogopa.

Nimeandika haya yote nikiwa nimekaza mabega, nimejikuta hivyo tangu alfajiri. Sasa hivi, nilipoandika neno “ninaloliogopa”, bega langu la kushoto limeshuka. Sikulishusha mimi. Sijageuka kutazama.

Barua nitaituma hata hivyo. Pokea salamu za bibi harusi na mumewe, na za Mama pia, ingawa hajazitoa.

Mimi mwanao wa kwanza,
uliyemwita Fundi.

Saa nane na nusu mchana. Lenzi yako nimeiacha bila kifuniko. Ndiyo kwanza nalala.