Reli ya Nachingwea Mezani kwa Osmunda

Jumatatu, 11 Oktoba 1993

Redio tatu asubuhi. Zote za kaseti, zote mpya, zote mbovu. Tangu milango ya biashara ifunguliwe Songea imejaa redio zinazokufa kabla ya betri zake. Silalamiki, ndizo zinazonilisha. Mwenye moja ameisusa, mota yake nimeirithi. Ndogo, inazunguka vizuri. Itavuta injini ya treni yangu ya mezani.

Jioni nimemimina mataruma mengine arobaini, vile vipande vya kulalia reli. Saruji iliyochekechwa, maji kidogo, kibao chenye vijishimo. Yakikauka nayapiga msasa, kisha juu yake nalaza reli, yaani spoki za baiskeli. Sentimita mbili za meza ni mita moja ya njia. Mke wangu Osmunda ameuliza meza yake ataipata lini. Nimesema mwisho wa mwezi. Ameuliza wa mwaka gani. Tunakula mkekani.

Jumatano, 13 Oktoba

Habari mbaya. Mwajuma, jirani yetu, amesema baba yake anarudishwa Tunduru Jumamosi ya tarehe 30, kabla mvua hazijaharibu barabara. Atakaa kwa mdogo wake. Harudi tena hapa kwetu Matogoro. Macho yamekwisha kabisa, hata mwanga wa mlangoni haoni.

Huyu ndiye Mzee Chilumba, niliyeanza kazi hii kwa ajili yake. Ujana wake wote alikuwa mtu wa genge, fundi wa njia, kwenye reli ya Mtwara hadi Nachingwea. Mwingereza aliijenga kwa ajili ya mashamba yake ya karanga. Karanga zikagoma, na muda mfupi baada ya Uhuru reli ikang'olewa. Mtaani akisema kusini kulikuwa na treni, watu wanacheka. Mwaka jana nami nilicheka. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini nilicheka.

Nilimwahidi atashika kipande chake cha njia kwa mikono yake. Kina kona moja na karavati. Zimebaki siku kumi na saba.

Jumapili, 17 Oktoba

Baada ya misa nilimpitia mzee. Shikamoo, marahaba, kisha nikamwonyesha magurudumu, yaani nikamtilia mkononi. Alicheka sana. Kasema nimechonga magurudumu ya mkokoteni.

Akamwomba Mwajuma vikombe viwili vya plastiki. Akavifunga mdomo kwa mdomo kwa mpira, akaniagiza niweke vijiti viwili vya ufagio vikiwa na mteremko. Vikombe vikabiringika katikati hadi chini. Niliviweka upande kusudi vianguke. Vilijirudi vyenyewe. Ndivyo gurudumu la treni lilivyo: limechongwa kwa mshazari, nene kwa ndani, jembamba kwa nje, linajitafutia njia. Miaka yote mimi nilidhani ule ukingo wake ndio unaofanya kazi yote.

Nimecheza na vile vikombe hadi Mwajuma akavidai. Mtu mzima mimi. Nimefurahi kama nini.

Alhamisi, 21 Oktoba

Leo nimemleta mezani. Sikutaka aje kabla sijamaliza ila sikuweza kujizuia. Nusu ya njia tayari, mataruma yamepangwa sawasawa, kokoto ni mchanga wa mtoni niliouchuja kwa chujio la chai la Osmunda (hajajua).

Aliweka vidole viwili. Akasogea kidogo. Akarudi. Akasimama palepale.

"Hii si yangu, Fundi. Hii ya Wachina."

Nimetamani ardhi ipasuke. Mwezi wa nane nilipanda basi hadi Makambako na futi ya fundi cherehani, nikapima reli mpaka mlinzi akanifukuza. Sentimita mia moja na sita na ushee, mataruma ya zege. Nikarudi kifua mbele. Sisi wa Songea treni tunayoijua ni ile ya Makambako, waliyoijenga Wachina, basi kichwani treni zote zikawa ile. Sikumuuliza mzee hata swali moja. Reli yake upana ulikuwa mita moja kamili, na mataruma yake chuma.

Alinishukuru kwa adabu. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 22 Oktoba

Sikugusa kitu. Nimekasirika. Nimekasirikia saruji, mlinzi wa Makambako, na mzee mwenyewe na vidole vyake. Mtu haoni, milimita moja inamdhuru nini? Nimemwambia Osmunda nitaiacha ilivyo. Yeye alikuwa anachambua maharage. Akasema wale waliomcheka mzee angalau hawakumwita aje kushika.

Nimeng'oa yote. Mataruma mia moja na zaidi kwenye ndoo.

Jumapili, 24 Oktoba

Safari hii nimeuliza kwanza. Taruma la chuma ni kama mfereji uliofunikwa kifudifudi, ncha mbili zimeinama chini ziyaume mawe. Nakata bati la kopo la mafuta ya kula, nalipiga nyundo juu ya msumari mnene hadi lijikunje, kisha nainamisha ncha kwa koleo. Kumi na mbili kwa saa. Vidole vimechanika. Upana sasa sentimita mbili kamili, nimekata kijiti cha kupimia.

Nilimuuliza pia nani aliing'oa reli. Akabadili mazungumzo, akataka kujua bei ya korosho.

Jumanne, 26 Oktoba

Treni imepita! Injini ni kopo la maziwa, mabehewa mawili ya mbao. Ikafika konani ikaanguka. Mara saba. Nikaenda kwa mzee nimenuna. Hakuhitaji hata kuja: reli ya nje ya kona inyanyuliwe kidogo, na upana pale uongezwe kwa unywele mmoja. Nimepachika vipande vya njiti za kiberiti chini ya upande wa nje. Haianguki tena. Kitu kidogo namna hiyo.

Nikiwa mlangoni naaga, akasema bila kuulizwa. Genge lake ndilo lililong'oa. Walipewa kilekile kipande walichokitunza. Siku ya mwisho aliikagua njia yote kwanza, akakaza palipolegea, kesho yake wakaanza kung'oa. Msimamizi alimwona mwendawazimu.

Nikamwambia pole mzee. Imeniuma mpaka sasa.

Ijumaa, 29 Oktoba

Amekuja saa kumi jioni, kanzu safi, Mwajuma amemshika mkono. Nilitaka aanze na treni. Alikataa. Njia kwanza.

Alianza mwanzo wa meza. Taruma moja moja, kidole huku, kidole kule, akinong'ona Kiyao. Kwenye karavati alitabasamu. Konani alibonyeza reli ya nje, akatikisa kichwa kukubali. Osmunda aliacha jiko akaja kusimama nasi. Karibu na mwisho akasita. Akagonga spoki kwa ukucha, akasikiliza, akagonga tena. Akasema hapa pamelegea, pakazwe. Nikasema mzee, nimekagua mwenyewe mchana, pako sawa. Akarudia, pakazwe. Nilikereka kidogo, siwezi kuficha.

Kisha nikawasha mota. Aliweka kiganja juu ya meza, si juu ya treni, na treni ikampita mara nne, kwenda na kurudi. Hakulia. Mimi nililia. Akaniambia hii sasa ni yangu, Fundi.

Jumamosi, 30 Oktoba

Lori limeondoka asubuhi. Walimkalisha mbele kwa dereva. Nilimpa taruma moja la bati, akalitia mfukoni pamoja na tasbihi.

Sikufungua kibanda changu cha redio.

Jumapili, 31 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha, fupi. Vumbi limetulia.

Osmunda kasema meza nimpe Krismasi, hana haraka. Chujio ameligundua.

Nimekaa mezani peke yangu. Nikagonga spoki kwa ukucha, moja moja, kama alivyofanya yeye. Zote zinalia. Pale karibu na mwisho, haikulia. Nikainama na miwani ya kazi. Risasi niliyoyeyusha kuunganishia spoki na bati imepata ufa, mwembamba kabisa, huuoni mpaka uubonyeze.

Nimechomelea upya. Nimepagonga, pamelia.

Naandika hapa kwa kuwa msimamizi wa kupelekewa taarifa hayupo: njia imekaguliwa yote, palipolegea pamekazwa.