Waya wa Gia Nilioukata

Wiyoni, Amu.
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mpendwa Ami Obeid,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Muscat, wewe na Mama Fahima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila goti la Baba. Anayekuletea barua ni jirani yetu Bi Kulthum, anakuja kumwona bintiye. Nimeandika kwa sababu simu ni ya Baba na kila ujumbe anausoma. Na kwa mdomo wanijua, Ami, maneno hunikauka.

Waya wa gia uliotuma kwa ile baiskeli ya kukunja ya Baba ulifika. Nilisema nitautia mwenyewe, maana maelezo yalikuwa ya Kiingereza na hapa nyumbani ni mimi ninayekisoma. Baba aliketi barazani kunitazama, akimwambia kila apitaye, "Huyu ndiye fundi wangu." Niliona haya, lakini nilifurahi.

Niliupitisha waya kutoka kwenye usukani, ndani ya ganda lake, mpaka gia ya nyuma. Pale katikati baiskeli inapokunjikia, ganda lilibaki limejipinda, linaning'inia. Nikaona si nadhifu. Nikalikata lilingane na chuma, nikauvuta waya, nikakaza nati, na ncha iliyozidi nikaikata pia. Gia zote zikaingia. Baba akaenda nayo mpaka mwisho wa mtaa, akarudi anacheka.

Asubuhi yake akaikunja gatini aipakie mashuani kwenda Mokowe, bara. Kumbe ule mpindo nilioukata ndio ulioipa nafasi ya kukunjika. Waya ukachomoka kwenye nati, nyuzi zake zikafumuka. Cheni ikaangukia gia nzito kuliko zote. Na kutoka Mokowe hadi mji wa Hindi, kwenye ghala la simsim anakopima mizigo, ni mbali, na pana mchanga. Boda ya kila siku ingemaliza mshahara.

Nimejaribu, Ami. Waya uliobaki haufiki. Nilipata wa breki, kichwa chake ni kikubwa, hakiingii. Nilikaza ile skrubu ndogo ya nyuma, cheni ikapanda gia moja tu, basi. Kila jioni namuuliza Baba, naye hunijibu, "Yaenda vizuri, mwanangu. Ndia yote naiona fupi." Nikamwamini, kwa kuwa nilitaka kumwamini.

Juzi nilikuwa gatini. Mselem, nahodha wa mashua anayopanda Baba, akanitania mbele ya watu: "Sundus, babako kapata punda wa chuma, naye yuwamburura tu tangu Mokowe. Hampandi." Watu wakacheka. Nami nikacheka, sikujua nifanye nini. Nilipofika nyumbani nikaitazama cheni. Imeshika kutu pale pale ilipolalia meno, kutu ya kitu kisichozungushwa.

Kumbe huisukuma mpaka Hindi, ameegemea usukani. Hufika amechelewa. Mama ananiambia tajiri wa Baba ameshasema akichelewa tena asirudi.

Nakwambia wewe tu: usitume waya mwingine. Mikono yangu siiamini tena, na hata waya ukikaa vizuri, goti lenyewe linazidi. Sioni mwisho mwema wa jambo hili. Baba naye nadhani hauoni, ila kila alfajiri huibeba baiskeli ili mimi nimwone anaondoka nayo.

Ninaloomba ni moja. Ukimpigia, usimuulize habari za baiskeli. Ameshazoea kunidanganya mimi, sitaki aanze kukudanganya na wewe kwa ajili yangu.

Nisalimie Mama Fahima, na mtoto Hamdu umbusu. Mama na kaka Husni wanakusalimu sana. Baba angekusalimu pia, ila hajui kwamba nimeandika. Mola akuhifadhi ugenini na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Mimi mwanao, nikupendaye siku zote,
Sundus