Tairi Mbili Zangu, Mbili Zake

Jumatatu, 6 Septemba 2021

Henri amekuja asubuhi, hata chai hakunywa. Ni binamu wa mume wangu Adalbert, na ndiye mwenye kiwanja hiki cha Mapendo, hapa Goma, ambapo tumejibanza tangu mlima uteme moto mwezi wa tano. Kasema kwa upole — upole wa mtu aliyekwisha kata shauri. Mwisho wa mwezi anaanza kujenga maduka. Tuondoe "nyumba".

Nyumba! Gari la Wazungu wawili waliokwama hapa miaka ile, injini ikawafia, wakapanda ndege na kumwachia mume wangu ufunguo; injini akaifufua mwenyewe. Ndani lina kitanda, jiko la gesi, kabati, na choo ambacho hakijafanya kazi hata siku moja. Nililitukana miaka yote. Lilikuwa linakula uwanja wangu wa kuanikia nguo kule Buhene. Kisha nyumba yetu ya mbao ikamezwa na moto, na ni hilo takataka lililotutoa, likikanyaga mawe mpaka tairi zikachanika. Sasa ndilo kwangu.

Limekaa juu ya mawe manne. Tairi zake zimeoza. Haliendi popote bila tairi mpya, pneu kama tunavyoziita hapa.

Jioni Adalbert kaniambia bila kuniangalia, "Mama Olive, tutafute pneu, twende Butembo."

Nimesimama na sufuria mkononi. Butembo ndiko aliko Olive wetu, na anajifungua mwezi wa kumi. Mimba ya kwanza ilimharibikia mimi nikiwa huku nashona sare za watoto wa watu. Safari hii nitakuwa kando yake. Na nikifika sirudi. Nimechoka kuishi chini ya mlima ule.

Nimejibu tu, "Sawa, Papa Olive." Nimeogopa nikifurahi kwa sauti atabadili neno.


Jumatano, 8 Septemba

Leo tumekwenda sokoni Birere, kwa Samy anayeuza tairi za Ulaya zilizokwisha tumika. Matairi mpaka darini, na harufu inayokaa kwenye nguo siku nzima. Nilitaka kwenda mwenyewe. Mwanamume akichagua tairi peke yake huchagua kama anachagua jogoo wa kupigana.

Samy katutolea moja safi, kaipiga kofi. "Mama, hii ni ya saisons zote. Mvua, jua, mpaka theluji. Bazungu banafungaka hii tu."

Ubavuni ina kipicha cha mlima, na ndani ya mlima kitu kama ua dogo. Samy anasema hiyo ndiyo theluji. Adalbert kainama, kaangalia sana. "Ata kwa pneu bameweka volcan," kasema, yaani mlima wa moto. Nimecheka. Sikumbuki mara ya mwisho alinichekesha lini.

Mimi nimeipenda. Mpaka Rutshuru ni lami, baada ya hapo ni vumbi, na Kanyabayonga mvua ikinyesha ni ugali mtupu. Tairi ya kila kitu ndiyo tunayoitaka. Na Samy kaapa inabeba uzito wa kitanda na kabati.

Adalbert hakuitaka. Kaibonyeza ubavuni kwa kidole gumba, kama anapima parachichi. "Mbavu zake ni laini." Nyingine, laini. Ya tatu, laini. Mwisho kaonyesha zile nene nyeusi za magari ya machimbo, ngumu kama ubao. Kwa lami zinanguruma na kula mafuta, Samy mwenyewe kasema. Adalbert kabonyeza, katabasamu.

Tumerudi mikono mitupu.


Ijumaa, 10 Septemba

Mbavu, mbavu, mbavu. Akila anaongea mbavu za tairi. Nimemuuliza: lami inakata mbavu? Matope yanakata mbavu? Kasema mimi sijui magari. Miaka thelathini nimekaa kiti cha pembeni nikimwonyesha mashimo, na sijui magari.

Nimeuza cherehani leo, tupate pesa ya tairi. Kitu pekee nilichobeba mgongoni kutoka nyumbani siku ile ya moto. Mwanamke aliyeinunua kaizungusha gurudumu kwa kidole, kasema inalia vizuri. Sikumsindikiza mpaka mlangoni kama ilivyo adabu. Adalbert kashukuru kwa kichwa tu, akiwa anatengeneza jeki.


Jumapili, 12 Septemba

Baada ya misa, Léocadie. Alikuwa jirani yangu Buhene, ukuta kwa ukuta. Sasa analala kwa dada yake.

Kanipa habari kama mtu anayegawa pipi. Watu wamerudi kule, wanapanda juu ya mawe ya moto yaliyoganda, wanapima tena viwanja vyao kwa kamba. Nyumba iko chini, wewe unapima hewa juu yake. Asiyeonekana, kiwanja chake kinauzwa na wajanja. Wengine wanaandika kwa chokaa juu ya jiwe yale maneno ya kila ukuta wa mji huu: PARCELLE HII HAIUZISHWE, yaani kiwanja hiki hakiuzwi.

Kisha kasema, "Papa Olive nilimuona juzi kule. Iko na kamba, iko napima."

Juzi Adalbert aliniambia anaenda kwa fundi wa betri.

Nimemsifu kitenge chake. Njiani nimeielewa habari ya mbavu. Kitu kinachokata mbavu za tairi ni jiwe lile tu, linalong'ata kama chupa iliyovunjika. Mume wangu hachagui tairi za kwenda Butembo. Anachagua tairi za kupanda juu ya kaburi la nyumba yetu.


Jumatatu, 13 Septemba

Nimemuuliza wazi. Hakukana, na hilo limeniuma kuliko uongo.

"Batu bakiona kiwanja iko bule, banauzisha," kasema. "Gari ikisimama pale, hakuna mutu atagusa. Mwaka moja tu, Mama Olive."

Na Butembo? Baadaye. Na Olive? Olive ana mume.

Nimemwambia basi mimi nitapanda basi. Hapo kakasirika. Mke wa mtu hapandi basi peke yake na begi kama amefukuzwa, kasema, ndugu zake wataongea. Ndugu zake! Wote wana maghorofa Butembo, vitenge vya Dubai, malori. Yeye ndiye aliyeshuka Goma kutafuta zaidi yao. Nimemwambia, "Unaona haya kufika kwao bila kitu." Kasema taratibu, "Ndiyo. Naona haya."

Nilikuwa na mengi ya kumtukana. Baada ya neno hilo yakaniishia. Lakini sikumsamehe, na sitaki kuandika hapa kwamba nimemsamehe. Haya yake ndiyo nitakayozeekea ndani yake? Hapana.


Alhamisi, 16 Septemba

Olive kapiga simu. Miguu imevimba, daktari anasema inaweza kuwa mapema. "Mama, utakuya lini?"

Nimemjibu, tunachagua tairi.

Kauliza, "Bado?"

Bado, mwanangu. Nimekata simu nikamwendea Adalbert palepale: cherehani ni yangu, tairi ni zangu, nataka zile za mlima na ua. Yeye anataka zake. Tumezozana mpaka mke wa Henri akaja kusimama mlangoni na mtoto mgongoni, kuangalia sinema ya bure.

Tukaishia pale wanapoishia wote hapa. Mbili zangu, mbili zake. Mji huu mzima unatembea hivyo, magari yenye tairi za ukoo tofauti kila kona, na hakuna anayeshangaa. Na mimi nimepata neno: tunakwenda Butembo. Kaapa kwa jina la mama yake. Zake, anasema, ni za mawe ya njiani.


Jumamosi, 18 Septemba

Zimefungwa. Samy kaja mwenyewe na kwado wake, mtu wa kuziba tairi, mzee mwenye kikohozi. Samy alitaka zile ngumu ziwe mbele, mbele ndiko gari linakopata jiwe kwanza na ndiko injini inakovuta. Adalbert kakataa. "Za mama zitie mbele," kasema. "Yeye ndiye anaongoza safari." Wote wakacheka, hata mimi. Niliona kama heshima. Nilijisikia bibi harusi, mjinga mimi, na mvi zangu.

Mawe manne yametolewa. Gari limesogea kidogo mbele, vikombe vyote vikaanguka kabatini. Nimelia. Nimesema ni vumbi.


Jumanne, 21 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Nimeshona kwa mkono kofia mbili na soksi za mtoto wa Olive. Mkono umesahau. Mishono inakwenda kama mlevi.

Adalbert anapiga mluzi chini ya gari.


Alhamisi, 23 Septemba

Tunaondoka Jumamosi. Henri kafurahi mpaka katuletea maharage.

Adalbert kaomba kitu kimoja. Barabara ya Rutshuru inapita Buhene, hatuwezi kupita kama wezi. Tusimame kidogo, tuage. Nimekubali. Nami nina la kuaga pale. Mipapai yangu, jiko langu, ile sakafu ya saruji tuliyoimwaga mimi nikiwa na mimba ya Olive.

Nimesema: tunasimama barabarani, hatupandi juu. Kaitikia, "Barabarani."

Nimemwandikia Olive: Jumapili usiku tutakuwa Butembo tukijaliwa. Kajibu kwa vimoyo vitatu.


Jumamosi, 25 Septemba

Niko ndani ya gari. Buhene. Si barabarani.

Nitaandika kama ilivyokuwa, maana baadaye nitaambiwa niliota.

Tulipofika kakunja kona. Nilidhani anatafuta pa kuegesha. Kisha magurudumu yakaanza kupanda, gari likayumba, sahani zikalia. Nikasema, "Papa Olive, barabarani." Kasema, "Hapa tu, karibu." Nikashika usukani. Kautoa mkono wangu polepole, bila hasira, kama unavyomtoa mtoto kwenye moto. Tukasonga juu ya mawe, nyeusi pande zote, mpaka kwenye kamba zake. Hapo tairi ya kulia mbele ikapasuka. Kisha ya kushoto.

Zangu zote mbili.

Nimeshuka kuangalia. Ile ya kulia imechanika ubavuni, pale palipokuwa na kile kipicha. Mlima umegawanyika katikati. Za nyuma ziko nzima, hata mkwaruzo hazina.

Adalbert kasema, "Bahati mbaya, Mama Olive." Kasema tutatafuta nyingine. Nimemuuliza kwa nini za kwangu alizitia mbele. Kaangalia mlima, wa kweli, ule unaotoa moshi. Alijua, siku ile zilipofungwa, akinichekesha mbele ya Samy? Au alikuwa anatumaini tu, kama mtu anayeacha mlango wazi na kusema mwizi kaingia mwenyewe? Sijui. Miaka thelathini, na sijui.

Nikarudi ndani. Chini ya kiti chake kulikuwa na kopo la chokaa na brashi. Brashi mpya. Kazichukua mbele ya macho yangu, na hakuona haya yoyote. Haya yake inajua pa kwenda.

Sasa yuko nje. Namsikia akipaka ukuta wa gari, nyuma ya mgongo wangu hasa, upande wa kitanda. Brashi inakwenda, inasimama, inachovya. Anaandika herufi kubwa. Sihitaji kutoka kusoma. Jana nilikuwa mke wa mtu. Leo ni sehemu ya tangazo.

Jirani mmoja kapita, kasimama, kasifu. "Iko muzuri, muzee. Ata bakitaka kuuzisha, habataweza." Adalbert kamshukuru.

Olive kapiga simu mara mbili. Ya kwanza sikushika. Ya pili nilishika, kauliza tumefika wapi, nikasema Rutshuru. Kasema, "Basi muko karibu." Kisha akapumua kwa nguvu, pumzi ile ninayoijua, na akasema ni kitu kidogo tu, kinakuja na kuondoka. Tangu asubuhi.

Nimetoa begi. Kofia mbili, soksi, vitenge viwili, rozari. Kutoka hapa barabara inaonekana vizuri, na mabasi ya Rutshuru bado yanapita. Kule Rutshuru kuna ya kuendelea kesho. Watasema nimefukuzwa. Waseme.

Kila nikijisogeza gari linainama upande wa tairi zilizokufa. Kasikia.

"Mama Olive," kasema kutoka nje, sauti yake tulivu kabisa, "usitingishe gari. Herufi zinapinda."

Basi jekundu linakuja kule chini, limewasha taa. Nafunga daftari. Nasimama.