Jino la Kiroboto na Wivu Wangu

Chumba cha tatu,
Nyumba za nyuma ya kiwanda cha mabati,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla sijakwambia lolote, nijulishe hali yako. Mgongo unaendeleaje? Najua huko kiwandani kwenu mnainamia cherehani tangu asubuhi mpaka jua linazama, na wewe si mtu wa kulalamika. Shemeji kifua kimemwachia? Sisi huku wazima, tunakula na tunalala. Mama alishikwa na mafua wiki iliyopita. Sasa amepona, na nimejua amepona kwa sababu ameanza tena kunigombeza.

Gauni ulilomshonea mwanangu Kiroboto lilifika. Limemkaa sawasawa, hata mabegani, na wala hukumpima. Nilikaa nalo mkononi muda mrefu siku ile, lakini sikukuandikia kukushukuru. Nashukuru sasa. Sababu ya kuchelewa utaiona hukohuko mbele.

Baba yake bado yuko safarini na lori lake, anarudi mwisho wa mwezi.

Kubwa lililonifanya nishike kalamu ni hili. Alhamisi nilimpeleka Kiroboto kwa daktari wa meno, mara yake ya kwanza tangu azaliwe. Alikuwa ameanza kutafuna upande mmoja, na akinywa maji ya baridi anashika shavu. Niliomba ruhusa shuleni ninakopikia, mpishi mwenzangu akabaki na masufuria yote peke yake. Nikamvalisha gauni nililomnunulia mimi. Akauliza kwa nini asivae lile la Mamdogo. Nikamwambia limeloa. Halikuwa limeloa.

Mdogo wangu, ni miezi saba tangu umrudishe mikononi mwangu. Ile miaka miwili niliyokuwa kambini nikiwapikia wajenzi wa barabara, kambi isiyoruhusu watoto, wewe ndiye uliyekuwa mama yake, na nilikushukuru kila nilipopanga mstari kupiga simu. Sikujua kwamba nikirudi nitakuonea wivu. Mtoto anatembea mikono mgongoni kama wewe. Akicheka anaziba mdomo kama wewe. Mimi niliyewapikia wanaume themanini na sahani zikarudi zimelambwa, ananiambia mchuzi wa Mamdogo hauna chumvi nyingi hivi. Nacheka naye, kisha naenda uani kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Tulipofika mapokezi, binti wa pale akaniuliza kama mtoto ana dawa yoyote inayomdhuru. Nikaanza kupekua mkoba kana kwamba jibu limo humo. Kiroboto akajibu mwenyewe, kidevu kikiwa juu ya meza: "Ile nyekundu ya kikohozi. Inanitoa vipele. Mamdogo aliikataza."

Binti akaandika, halafu akanitazama. "Wewe ni nani yake?"

"Mama yake," nikasema, kwa sauti iliyofanya benchi zima ligeuke.

Daktari ni mama wa makamo, mfupi, ana mikono midogo kama ya mtoto wa shule. Alikipandisha na kukishusha kile kiti mara mbili ili Kiroboto azoee, akamwonyesha kioo chenye mpini mrefu, akamwacha ajitazame puani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipomwambia afungue mdomo. Hapo kinywa kikafungwa kama mlango wa duka siku ya mapumziko. Nikabembeleza. Nikaahidi. Nikanuna. Mwisho machozi yakamtoka, mdomo bado umefumbwa, na nikamsikia akikuita kupitia puani. Hakuniita mimi niliyekuwa nimemshika mkono, alikuita wewe.

Sijui nikueleze vipi. Nilitamani kumshusha kwenye kiti nimrudishe nyumbani na maumivu yake, ili tu nisilisikie jina lako tena mbele ya yule daktari. Nilishachukua na mkoba.

Daktari akaniuliza taratibu, "Huyo Mamdogo huwa anamfanyaje akimsafisha meno?"

Nikasema sijui. Ilibidi niseme. Kiroboto akafuta pua kwa mkono, akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito, akasema, "Anabisha hodi kwanza."

"Anabisha wapi?"

"Hapa." Akagusa meno ya mbele. "Hapa sebuleni. Huku nyuma jikoni. Sema hodi sebuleni."

Basi, mdogo wangu, nikaweka mkoba chini, nikainama. "Hodi sebuleni," nikasema. Akaniambia nimekosea, Mamdogo hasemi kwa ukali. Nikarudia kwa upole. Akafungua mdomo, akaitikia "karibu" isiyo na herufi hata moja, na daktari akaingiza kioo chake. "Hodi jikoni," nikasema. Akapanua zaidi. Tukazunguka nyumba nzima hivyo, mimi nikisema maneno yako, yeye amenikazia macho, mkono wake umenishika kidole gumba. Nilikuwa na wivu na furaha kwa pamoja.

Daktari alipomaliza akasema, "Aliyekuwa akimsafisha mtoto huyu alijua kazi. Meno ni mazuri. Lipo tundu moja dogo kwenye gego la chini, na ni la karibuni." Akaniuliza mtoto anakula nini kabla ya kulala.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Pipi ni mimi. Tangu ulipoondoka, kila akililia Mamdogo usiku nilikuwa nampa pipi ya maziwa, moja, wakati mwingine mbili, anyamaze na alale akijua kwamba kwa mama kuna utamu. Mswaki nilikuwa namwambia tutapiga asubuhi. Nilitaka awe na kitu ambacho wewe hukumpa. Nimekipata, ni tundu kwenye jino ulilonikabidhi likiwa zima.

Nilimwambia daktari ukweli, maana Kiroboto alikuwa pale na angeusema yeye. Hakunisema vibaya. Alilisafisha jino, akaliziba, na mtoto hakulia tena. Aliulizia tu ile mashine inayonyonya mate inayapeleka wapi. Njiani aliwaonyesha watu watatu tusiowajua jino lake jipya. Wa tatu alikuwa fundi viatu mmoja kwenye kona, akaacha kushona akalikagua kwa makini, akasema kazi ni safi. Pipi zilizobaki nimezipeleka kwa mpishi mwenzangu, ambaye meno yake ni ya kununua.

Kuna lingine. Zile Jumapili unazopiga nakwambia amelala, huwa hajalala. Mara nyingine huwa yuko hapohapo chini ya meza anacheza na vifuniko vya sufuria, nami nimeziba simu kwa kiganja. Tangu mwezi wa tatu nimefanya hivyo kila Jumapili isipokuwa moja. Ukikasirika, kasirika, nastahili. Ila usiache kupiga.

Nimemtolea lile gauni lako sandukuni. Analo mwilini sasa hivi, na ameshalimwagia chai.

Nisalimie shemeji sana, mwambie asitoke alfajiri kifua wazi. Msalimie na mama mwenye nyumba wenu aliyekupokea vizuri. Mama anakusalimu, anasema umtumie picha uliyosimama wima, si ile uliyoinama. Kiroboto anakusalimu mara nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Mungu aishike mikono yako isichomwe na sindano, akupe usingizi, na akujaalie wa kwako hivi karibuni.

Jumatano saa kumi na mbili jioni nitakupigia mwenyewe, na simu nitampa yeye kwanza. Mimi nitatoka nikae nje ili nisiwasikilize. Ukinisikia nimerudi ndani mapema, usiseme kitu. Endelea kuzungumza naye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokuonea wivu,

Mama Kiroboto.